Kibali cha ujenzi Kigoma Ujiji: tumepima huduma, ada zake na msamaha unaostahili

Mwenye kiwanja Gungu au Buzebazeba anayetaka kusimamisha nyumba ya vyumba viwili hulipia mambo mengi kabla ya tofali la kwanza, na kimojawapo ni kibali cha ujenzi. Kibali ni huduma ya kulipia, kwa hiyo tunakipima hapa kwa vigezo vya mteja: bei, usumbufu, unachopata mkononi na kinachokwamisha. Tunapima pia hoja ya kusamehe ada za halmashauri ili nyumba za bei nafuu ziongezeke. Hoja hiyo ni tamu kuisikia, lakini wengi wanaoitoa hawajakaa chini kupiga hesabu ya nyumba moja kutoka msingi hadi kenchi za paa.

Alama tunazitoa mapema. Ukaguzi wa ramani unaokuja na kibali: nne kati ya tano. Njia ya kuomba kupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni: tatu. Msamaha wa ada ya kibali ukitolewa peke yake: mbili. Msamaha unaogusa ramani na kiwanja: tano.

Unachopata ukilipia

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 imeweka udhibiti wa ujenzi mijini mikononi mwa halmashauri. Ombi lako linapita kwa afisa mipango miji, anayeangalia matumizi ya kiwanja na umbali wa nyumba kutoka mipakani. Linapita kwa afisa ardhi kwa ajili ya umiliki na kodi ya pango ya ardhi, kwa mhandisi kwa ajili ya msingi, mikanda (zege lenye nondo linalofunga kuta) na paa, na kwa bwana afya kwa ajili ya choo, mashimo, hewa na mwanga. Ghorofa au jengo la watu wengi linaongezewa Zimamoto. Yaani watu wanne wenye taaluma tofauti wanaikagua nyumba ikiwa bado karatasi, wakati kosa linarekebishwa kwa kuchora upya ukurasa mmoja. Kosa hilo hilo likigunduliwa ukuta umefika kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, linarekebishwa kwa nyundo.

Kwa Kigoma ukaguzi huu una uzito kuliko kwenye miji iliyokaa juu ya tambarare. Mji umepanda vilima, viwanja vingi vina mteremko, na mvua za Novemba hadi Aprili zinachimba makorongo pasipo na mfereji. Chukua kiwanja chenye urefu wa mita 20 kinachoshuka mita 2 kutoka nyuma hadi barabarani. Nyumba inayochukua mita 8 za mteremko huo itakuwa na tofauti ya sentimita 80 kati ya kona ya juu na kona ya chini. Sasa angalia ramani nyingi zinazouzwa mitaani: mchoro wa mkato, yaani nyumba ikionyeshwa kama imekatwa kutoka juu hadi chini, unaonyesha ardhi bapa, kwa sababu ulinakiliwa kutoka nyumba iliyochorewa mji mwingine. Fundi akiufuata kama ulivyo, kona ya juu sakafu inazama udongoni na maji ya mvua yanaingia ndani. Akiamua kuinua kona ya chini, anaongeza kozi tatu au nne za tofali, anajaza kifusi nyuma yake bila kukishindilia kwa matabaka, na hafungi mkanda wa chini. Kifusi kikilowa kinausukuma ukuta, na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha kushuka chini.

Dawa yake ni msingi wa ngazi. Kimo cha kila ngazi kilingane na kozi kamili za tofali ili usikate tofali ovyo, na zege la ngazi ya juu lilalie la chini kwa angalau mara mbili ya kimo cha ngazi. Kifusi cha ndani kishindiliwe kila sentimita 15, mkanda wa chini uzunguke nyumba nzima, na mfereji wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu kabla ya kuchimba msingi wenyewe. Mhandisi anayerudisha ramani akiuliza viko wapi vipimo vya usawa wa ardhi anamwokolea mwenye nyumba fedha nyingi kuliko ada aliyolipa. Ndiyo maana tumeipa sehemu hii alama nne, na ndiyo maana tunapinga wazo la kufuta kibali chenyewe kwa jina la kumsaidia mnyonge. Mnyonge ndiye asiye na fedha ya kujenga mara mbili.

Kwa walio karibu na maji, Kibirizi, Katonga na Bangwe, kuna kigezo ambacho hakina mazungumzo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2020 na 2021, maji yaliingia kwenye majengo ya mwambaoni, kwa hiyo sababu ya mita hizo 60 inaonekana kwa macho. Pima kutoka ukingo wa maji yakiwa juu, si pale yanapoishia mwezi wa Septemba.

Njia ya kuomba

Ombi linafanyika kwenye Tausi, mfumo wa TAMISEMI unaotumika pia kwa leseni za biashara. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unapakia ushahidi wa umiliki, risiti ya kodi ya pango ya ardhi na ramani, kisha unapata kumbukumbu namba ya kulipia benki au kwa simu. Faida yake ni kubwa: fedha haipiti mkononi mwa mtu, na risiti ina namba inayoweza kuulizwa popote. Usitoe hela yoyote ya kibali kwa mtu ambaye hajakupa kumbukumbu namba.

Kinachokwaza ni hatua ya kupakia. Ramani ni mafaili mazito, na wengi huishia stationari, ambako wanalipia skani, kupakia na kuchapa. Hapo kuna mtego. Mhudumu akijaza namba yake ya simu ili kuharakisha, taarifa zote za ombi zinakwenda kwake, na ramani ikirudishwa kwa marekebisho wewe unaendelea kusubiri nyumbani ukidhani ofisi imelala. Hakikisha namba ya simu ni yako, nywila umeiandika mwenyewe, na umeondoka na faili zako kwenye flashi.

Seti ya ramani ya nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, iwe na ramani ya sakafu, ya msingi na ya paa, sura za pande nne, angalau michoro miwili ya mkato (mmoja ufuate mteremko), mchoro wa mashimo ya majitaka, na mpango wa kiwanja unaoonyesha namba ya kiwanja, kitalu, barabara, mipaka, umbali wa nyumba kutoka kila mpaka na uelekeo wa kaskazini. Wachoraji wengi huanza na mita 1.5 ubavuni na mita 3 mbele kwa viwanja vidogo, lakini kinachotawala ni masharti ya mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Uliza kabla ya kuchora.

Sababu za ombi kurudi ni zile zile. Ya kwanza ni jina. Kiwanja kimenunuliwa kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa mtaani, lakini rejista ya ardhi bado ina jina la muuzaji, na jina la NIDA ni la mnunuzi. Hapo hakuna afisa atakayepitisha, na ni haki yake. Uhamisho wa umiliki ufanyike kwanza.

Ya pili ni bikoni, vile vigingi vya mipaka ya kiwanja. Zimefukiwa au zimeng'olewa, mmiliki anaonyesha mpaka kwa mti wa mwembe, na mpango wa kiwanja unachorwa kwa kukisia. Mpima akija na vifaa vyake, nyumba imeingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara. Kurudishia bikoni kunagharimu, ila ni nafuu kuliko alama ya X ukutani.

Ya tatu ni mashimo, na hapa mteremko unarudi tena. Shimo la kunyonya, ambamo majitaka huzama ardhini, likiwekwa juu ya nyumba ya jirani, au juu ya kisima, bwana afya atalikataa. Weka mashimo upande wa chini wa kiwanja chako mradi upande huo hauishii kwenye ukuta wa mtu, yaache msingi wako kwa mita 3 au zaidi, na kisima chochote kwa mita 30. Gari la kunyonya majitaka liweze kuyafikia. Kwenye viwanja vya Ujiji vilivyobanana, hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na shimo likijaa hakuna pa kupitisha bomba.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba ya mita za mraba 60: vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Kuta za nje na ndani zina jumla ya urefu wa mita 51 hivi. Kwa tofali za saruji za inchi sita, ambazo huingia tisa hadi kumi kwa mita moja ya mraba ya ukuta, utahitaji karibu tofali 1,600 pamoja na msingi. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 32, hiyo ni mifuko 50 ya kufyatulia. Zege la msingi linakula mifuko 23 hivi, jamvi (zege la sakafu) la sentimita 10 mifuko 33, lenta na mkanda mifuko 10, mota ya kujengea 30, plasta ya ndani na nje 25, na sakafu laini juu ya jamvi 13. Jumla ni takriban mifuko 185. Ukitumia matofali ya kuchoma unaondoa ile 50 ya kufyatulia, ila mota inaongezeka kwa sababu tofali ni dogo na viungo ni vingi.

Sasa angalia kodi iliyomo humo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko. Kwa nyumba hii ni shilingi 185,000 zinazolipwa kidogo kidogo dukani bila mjenzi kuziona kwenye risiti yake. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye saruji, nondo, bati, misumari na rangi, pamoja na nauli ya kuvifikisha vifaa magharibi ya nchi, ambayo ipo kwenye bei ya kila mfuko unaoshushwa Kigoma. Kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kumekuwa shilingi 320,960. Kuna hati ya kiwanja: tozo ya mbele (hulipwa mara moja unapomilikishwa), ada ya kuandaa hati, ada ya usajili, ramani ndogo, ushuru wa stempu na kodi ya pango ya mwaka wa kwanza. Kuna mchoraji. Kwa nyumba ya ukubwa huu, ada ya kibali kwa kawaida inazidiwa na bei ya ramani yenyewe.

Hapo ndipo alama mbili zinapotoka. Ukiifuta ada ya kibali na kuacha mengine yote yalivyo, mjenzi wa Katubuka hatajenga mapema zaidi. Atafurahi, atanunua nazo mifuko michache ya saruji, basi.

Jambo jingine ni kwamba halmashauri haiwezi kusamehe kisicho chake. Tozo ya mbele, kodi ya pango na ada za hati ni za serikali kuu kupitia Wizara ya Ardhi, ambayo tangu 2020 ina ofisi katika kila mkoa. Ushuru wa saruji na kodi ya ongezeko la thamani ni za TRA. Umeme ni wa TANESCO, maji ni ya KUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Manispaa ina ada ya kibali, ada za ukaguzi na michoro, na bei ya viwanja inavyopima na kuuza yenyewe. Diwani anayeahidi kwamba baraza litafuta gharama za nyumba awaambie wananchi ni zipi kati ya hizo.

Serikali kuu nayo imeshasamehe kitu, lakini kwa mlango mwingine. Sheria hiyo hiyo ya 2023 ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyumba mpya za makazi zisizozidi shilingi milioni 50 zinazouzwa na waendelezaji. Msamaha huo unamfaa anayenunua nyumba iliyokamilika, kama zile ambazo Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga Mlole. Kigoma nyumba nyingi hujengwa na mwenyewe, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, bati mavuno yakiruhusu au mshahara ukibaki. Huyu analipa asilimia 18 kwenye kila kifaa, na msamaha wa milioni 50 haumgusi kabisa. Yeyote anayeandika sera ya nyumba za bei nafuu kwa mkoa huu aanze na mjenzi huyu.

Kwa wenzetu ada ni kitu kingine

Wanaopendekeza msamaha hutaja Marekani, na mifano ipo kweli. Jiji la Austin, Texas, lina utaratibu wa S.M.A.R.T. Housing tangu 2000. Mwendelezaji akitenga asilimia 10 ya nyumba zake kwa familia zenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, anasamehewa asilimia 25 ya ada za jiji. Akitenga 20 anasamehewa 50. Akitenga 30 anasamehewa 75. Akifika 40 anasamehewa zote. Portland, Oregon, mwaka 2010 ilisimamisha ada za miundombinu kwa nyumba ndogo za uani, na maombi ya kuzijenga yakaongezeka sana. Mwaka 2018 ikaufanya msamaha kuwa wa kudumu kwa sharti kwamba nyumba hiyo isipangishwe kwa wageni wa siku chache kwa miaka 10.

Kwa nini kule ilifanya kazi? Kwa sababu ada yenyewe ni nzito. California, kwa mfano, wapiga kura walipitisha mwaka 1978 kikomo cha kodi ya majengo cha asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Miji ikakosa fedha za barabara, maji na bustani, ikahamishia mzigo kwa anayejenga nyumba mpya. Portland nayo ilikuwa ikitoza maelfu ya dola kwa nyumba moja kwa ajili ya maji, majitaka, barabara na bustani. Ukiondoa mzigo kama huo, nyumba ambayo haikuwa na faida kuijenga inaanza kuwa na faida. Ada ya Kigoma inalipia kukagua karatasi na kutembelea eneo la ujenzi, haijengi barabara. Kunakili dawa ya Portland bila ugonjwa wa Portland hakuleti nyumba.

Cha kuiga kipo, na ni masharti. Austin inapima msamaha kwa idadi ya nyumba zilizotengwa. Portland inaufunga kwenye nyumba, si kwenye sura ya mwombaji.

Funzo la karibu zaidi tunalo hapa hapa nchini. Kuna kipindi ambapo mtu wa mjini aliunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 sawa na wa kijijini. Waombaji wakawa wengi kuliko vifaa, foleni ikarefuka, na Januari 2022 bei ya mjini ikarudi 320,960 huku ya vijijini ikibaki 27,000. Bei ilishuka lakini nguzo, nyaya na mita hazikushuka bei, na pengo halikuwa na wa kuliziba. Msamaha wa ada usiokuwa na chanzo mbadala hugeuka kuwa foleni, na kwenye foleni anayewahi ni mwenye kujuana na watu. Mpaka uliowekwa kati ya bei ya mjini na ya kijijini nao una mafunzo yake: ukivuka kutoka manispaa kwenda upande wa vijiji vya Mwandiga, gharama inaweza kubadilika kwa umbali wa kutembea kwa miguu, na watu hununua viwanja kwa kuufuata mstari huo badala ya kufuata barabara na maji.

Msamaha tunaoupa alama tano

Wa kwanza ni ramani. Halmashauri iagize seti chache za ramani za mfano, zikaguliwe na maafisa wote wanne mara moja, zigongwe mhuri, kisha zitolewe bure. Ziwepo za kiwanja bapa na za kiwanja cha mteremko wenye tofauti ya sentimita 50 hadi mita 1. Ziwepo za tofali za saruji, za matofali ya kuchoma na za tofali za kufungamana. Vipimo vya vyumba vifuate urefu halisi wa mbao na bati zinazouzwa Kigoma, ili fundi asikate bati la mita 3 akatupa robo yake. Paa liwe la kawaida lenye mwinuko na kingo pana. Paa la kuficha nyuma ya ukuta linapendeza kwenye picha, lakini kwa mvua zetu mfereji wake wa ndani ukiziba kwa majani maji yanashuka kwenye dari.

Kwa ramani ya mfano, mwombaji anabaki na mpango wa kiwanja tu, yaani ukurasa mmoja. Afisa naye anabaki na kukagua umiliki, mipaka na mashimo. Gharama ya mchoraji inakwisha, muda wa ukaguzi unapungua, na halmashauri inapoteza fedha kidogo kwa sababu kazi yenyewe imepungua. Huu ndio msamaha unaojilipa. Upande wa tofali, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) una teknolojia ya tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, na Shirika la Nyumba la Taifa liliwahi kugawa mashine zake kwa vikundi vya vijana kwenye halmashauri. Tofali hizi zinashikana zenyewe, mota inatumika kidogo tu, na hazichomwi, kwa hiyo hazikati mti. Angalizo: udongo upimwe kabla. Wenye mfinyanzi mwingi unapasuka ukikauka, wenye mchanga mtupu haushikani, na tofali zote zinahitaji kumwagiliwa na kufunikwa kwa siku saba au zaidi. Kikundi kinachouza tofali za juzi kinakuuzia hasara.

Wa pili ni kiwanja, na hapa ndipo fedha nyingi ya mjenzi mdogo inapokwama. Kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, urasimishaji una hatua zake: kutambua vipande, kuchora mchoro wa mipango miji, kupima na kuweka bikoni, kuidhinisha ramani ya upimaji, kisha hati. Wizara iliweka ukomo wa mchango wa mwananchi usizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Mchango huu hukusanywa na kamati ya mtaa, na kazi husimama nusu ya wakazi wasipolipa, huku waliolipa wakisubiri. Halmashauri ikiweka fungu la kuwatangulizia kaya zisizo na uwezo, zilipe taratibu baadaye, mtaa mzima unapimwa kwa mkupuo mmoja. Kwa viwanja vipya, Wizara ya Ardhi ina mikopo isiyo na riba kwa halmashauri chini ya mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, KKK. Bei ya kiwanja cha mradi kama huo ina fidia, upimaji, barabara za udongo na ziada ya halmashauri. Ziada hiyo ni ya baraza, na baraza linaweza kuiondoa kwenye sehemu ya viwanja vidogo bila kumwomba mtu. Mnunuzi wa kiwanja kikubwa cha biashara anaendelea kulipa kamili.

Wa tatu, wa mwisho kwa umuhimu, ndio ada ya kibali. Isamehewe, lakini kwa masharti yanayopimika kwa tepu: nyumba ya chini isiyozidi mita za mraba 60, kwenye kiwanja cha ujazo mkubwa (yaani kidogo, cha eneo lenye nyumba nyingi), kwa ramani ya mfano, mara moja kwa namba moja ya NIDA. Tusitumie barua ya kuthibitisha umaskini kutoka mtaani. Barua hiyo inaandikwa kwa huruma au kwa soda, ilhali mita za mraba hazidanganyi.

Njia ya kisheria na nani anapungukiwa

Ada za halmashauri zinasimama juu ya sheria ndogo zilizotungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Kwa hiyo msamaha wa kweli unapita kwenye kamati, baraza la madiwani, maoni ya wananchi, idhini ya Waziri na tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Tamko la mkutano wa hadhara halimfungi mhasibu, na Tausi itaendelea kutoa kumbukumbu namba yenye kiasi kamili mpaka kiwango kibadilishwe kwenye mfumo wenyewe. Mwananchi anayeambiwa ada imefutwa aombe nakala ya sheria ndogo yenye namba ya tangazo.

Kuna mtu mwingine wa kukumbukwa kwenye hesabu hii. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Baraza likisamehe shilingi milioni 20 za ada za ujenzi bila kuziba pengo, fungu la mikopo linapungua shilingi milioni 2. Mama wa kikundi cha dagaa Kibirizi analipia nyumba ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo pendekezo lolote liletwe barazani likiwa na mstari wa pili unaosema fedha itatoka wapi. Sisi tungeipandisha ada ya majengo ya biashara na ya ghorofa, ambayo ukaguzi wake ndio mzito zaidi.

Sharti lenyewe liandikwe juu ya kibali, si kwenye jalada la ofisini: ukubwa uliosamehewa, namba ya ramani ya mfano, na hatua tatu za ukaguzi zenye nafasi ya sahihi, yaani msingi kabla ya zege, lenta kabla ya kumimina, na kenchi kabla ya bati. Mkaguzi akifika na kukuta msingi wa mita za mraba 90, msamaha unaondoka na ada kamili inalipwa kabla ya ukuta kuendelea. Mwenye nyumba naye akitaka kuongeza chumba cha tatu miaka ya mbele, aombe kibali cha nyongeza na kulipia nyongeza hiyo tu.